Kome wa Mtoni: Koo Zake na Habari Zake za Kale Katika Mawe

Mkulima wa skimu anayezibua mfereji kwa koleo hukutana na vitu vingi ndani ya tope. Vingi ni takataka tu, lakini kimoja kinastahili kutazamwa vizuri kabla ya kutupwa. Hilo ni gamba la kome, yaani yule mnyama wa majini mwenye magamba mawili yaliyoungana upande mmoja na kufunguka upande mwingine. Ukilikuta mtoni, si jambo la ajabu. Lakini ukilikuta ndani ya udongo mkavu, mbali na mto, gamba hilo lina habari ya kukueleza, kwa maana kome mkubwa wa mtoni hawezi kuishi bila maji, wala hawezi kuhama kutoka mto hadi mto bila samaki.

Somo la mwezi huu litaeleza mambo matatu: jinsi ya kumtambua kome, jinsi wataalamu wanavyompanga katika koo zake, na jinsi magamba yake ya kale yanavyosomwa. Tumewakumbuka hasa wakulima wa Isiolo, walioko Merti, Malka Daka, Gafarsa, Rapsu na kwingineko. Ninyi mnaishi katika nchi ambayo Ewaso Ng'iro wenyewe, katika miaka ya ukame, hukauka kwa kilomita nyingi kabla ya kufika bwawa la Lorian. Kwa watu kama ninyi, kujua maji yalikuwa wapi zamani na yalipotea namna gani ni elimu yenye kazi.

MTENGE KWANZA NA KONOKONO

Kome na konokono ni ndugu wa mbali. Wote wawili ni wanyama laini wasio na mifupa, nao huingizwa katika kundi kubwa liitwalo moluska, pamoja na pweza na ngisi wa baharini. Lakini konokono ana gamba moja tu, ambalo kwa kawaida limezungushwa kama kamba, naye ana kichwa na pembe ndogo. Kome ana magamba mawili, wala hana kichwa. Hujichimbia katika mchanga au tope kwa mguu wake mnene, akabakiza nje sehemu ndogo tu ya kuvutia maji. Maji hayo hupita katika matamvua yake, naye huchukua humo hewa pamoja na chakula, yaani vimelea vidogo vya kijani na uchafu mwororo uliomo majini. Kwa njia hii kome mkubwa huchuja lita nyingi za maji kwa siku.

Tofauti hii ni lazima kuijua, kwa sababu ya ugonjwa wa kichocho. Kichocho huenezwa na konokono wa majini wa aina chache, hasa wale waitwao Bulinus na Biomphalaria. Kome haenezi kichocho. Mtu anayeua kome akidhani anapigana na kichocho anajisumbua bure, na tena anaharibu mchujaji wa maji yake mwenyewe.

Tena, si kila mwenye magamba mawili ni kome mkubwa. Katika mito na maziwa ya Afrika Mashariki kuna wadogo pia. Corbicula ni mnene, mwenye mistari ya duara juu ya gamba, na kwa kawaida huwa na upana wa sentimita mbili au tatu. Sphaerium na Pisidium ni wadogo zaidi, wengine kama punje ya mtama. Hawa wadogo huzaa bila msaada wa samaki, na baadhi yao huweza kubebwa na ndege wa majini kutoka dimbwi hadi dimbwi. Kwa hiyo ukikuta gamba dogo la namna hiyo katika udongo, limekuambia tu kwamba palikuwa na maji. Gamba la kome mkubwa husema zaidi ya hapo.

KOO ZA KOME WAKUBWA

Wafugaji hupanga watu kwa kabila, ukoo na nyumba. Wataalamu wa wanyama hufanya vivyo hivyo. Kabila lote la kome wakubwa wa maji baridi, yaani maji ya mito na maziwa yasiyo ya bahari, huitwa Unionida. Duniani kote lina aina zaidi ya 800, na peke yake Amerika ya Kaskazini ina karibu 300. Afrika kusini ya Sahara ina aina chini ya 100. Wataalamu wengi huligawa kabila hili katika koo sita, na koo tatu kati ya hizo ndizo zinazotuhusu sisi.

Ukoo wa kwanza ni Unionidae. Kwetu nyumba yake inayojulikana sana ni Coelatura. Magamba yake huwa na umbo la yai au la duara. Yafungue, utazame ndani, mahali yanapoungana, ambapo ndipo penye bawaba. Utaona meno magumu ya gamba moja yanayoingia katika mashimo ya gamba la pili, kama komeo katika tundu lake.

Ukoo wa pili ni Iridinidae. Huu ni wa Afrika hasa. Ndani yake wamo Mutela, Aspatharia na Chambardia. Magamba yao mara nyingi ni marefu, na mengine ni makubwa kuliko kiganja. Bawaba yao haina yale meno magumu: ama ni laini kabisa, ama ina vijino vidogo vingi vilivyopangwa kama meno ya kitana. Chambardia wahlbergi, anayejulikana katika mito kama Zambezi na Limpopo iendayo Bahari ya Hindi, ana sifa moja ambayo mkulima wa nchi kavu ataielewa upesi: mto ukikauka hufunga magamba yake, hujizika katika tope, na kungojea mvua kwa miezi mingi.

Ukoo wa tatu ni Etheriidae, na wetu ni Etheria elliptica, ambaye wengi humwita chaza wa Naili. Mfaransa Lamarck ndiye aliyempa jina hilo katika mwaka 1807. Etheria hajichimbii katika tope. Hujibandika juu ya mwamba au juu ya magamba ya wenzake, mpaka wengi pamoja wakafanya kama ukuta chini ya maji. Gamba lake halina umbo moja, kwa sababu hufuata umbo la jiwe aliloshika. Anapenda maji yanayotembea, yenye hewa nyingi na tope kidogo. Yuko katika Naili, katika Kongo na katika mito mikubwa ya Afrika ya Magharibi.

Hapa angalia jambo moja. Wataalamu wa zamani walimpanga kome kwa umbo la gamba la nje tu, na kwa hiyo walitoa majina mengi mno. Kome yule yule mmoja, akikaa penye mkondo mkali, gamba lake huwa zito na fupi. Akikaa penye maji yaliyotulia, huwa jembamba na refu. Leo wataalamu huangalia bawaba, mwili wa ndani, mtoto wake, na hata chembechembe za urithi zilizomo mwilini. Majina mengi ya zamani yameonekana kuwa ni ya mnyama mmoja.

MTOTO WA KOME HUPANDA SAMAKI

Sasa tufike kwenye sababu inayofanya gamba hili liwe shahidi mzuri. Kome mzima husogea polepole sana, na akiwa ni Etheria hasogei kabisa. Basi anawezaje kupanda mto kinyume cha mkondo? Hubebwa na samaki.

Katika ukoo wa Unionidae mama hutoa watoto kwa maelfu, kila mmoja mdogo kuliko ncha ya kalamu, mwenye vijigamba viwili. Samaki akipita, mtoto humbana kwenye matamvua au kwenye mapezi. Ngozi ya samaki humfunika, naye hukaa humo mpaka amegeuka kuwa kome kamili, ndipo huanguka chini na kuanza maisha yake. Wale wasiopata samaki hufa.

Ukoo wa Iridinidae una njia nyingine. Mtaalamu Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja katika Uganda, alieleza katika mwaka 1961 habari za Mutela wa eneo la Ziwa Victoria. Mtoto wake huwa na uzi mrefu unaoelea majini. Akishamshika samaki wa jamii ya Barbus, huotesha mirija inayoingia katika nyama ya samaki kama mizizi, akanyonya na kukua hapo mpaka kome mdogo amekamilika.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kome mkubwa hufika pale tu ambapo samaki wamefika kwa kuogelea. Havuki mlima, wala havuki jangwa. Ukikuta magamba ya kome wa namna moja katika mabonde mawili ambayo leo hayakutani, una sababu nzuri ya kuuliza kama zamani maji yake yalikuwa yamekutana.

HABARI ZA KALE

Kome akifa, mwili wake huoza, lakini gamba ni chokaa ngumu na huweza kudumu. Likifunikwa upesi na tope au mchanga, na tope hilo likazidi kufunikwa na kukandamizwa, gamba huhifadhiwa, au hugeuka kuwa jiwe, au huyeyuka na kuacha alama ya umbo lake. Mabaki kama hayo huitwa visukuku.

Visukuku vinaonyesha kwamba kabila la kome wakubwa lilikwisha kuwako katika maji baridi zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Asili yake ni baharini. Jamaa zake wa karibu walio hai leo ni Neotrigonia, ambao hupatikana katika bahari ya Australia tu. Wakati wa wale watambaazi wakubwa waitwao dinosaria, jamaa hao wa baharini walikuwa wengi sana duniani.

Koo zenyewe hutueleza habari za mabara. Ukoo uitwao Hyriidae huishi Amerika ya Kusini na Australia. Bahari kubwa iko katikati, na samaki wa maji baridi hawezi kuivuka. Maelezo ni kwamba zamani mabara ya kusini, pamoja na Afrika yetu, yalikuwa nchi moja. Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana kabisa takriban miaka milioni 100 iliyopita, na kila upande ukabaki na kome wake.

USHAHIDI WA BONDE LA TURKANA

Huna haja ya kwenda ng'ambo ili kuona visukuku vya kome. Kaskazini-magharibi ya Isiolo, ukipita nchi ya Samburu, liko Ziwa Turkana, lililoitwa Ziwa Rudolf mpaka mwaka 1975. Upande wake wa mashariki, katika Marsabit, ni Koobi Fora, ambako Richard Leakey na wenzake walianza kuchimba katika mwaka 1968. Watu wengi wanapajua kwa ajili ya mifupa ya binadamu wa kale. Lakini katika matabaka hayo hayo, yenye unene wa mamia ya mita, magamba ya konokono na kome ni mengi ajabu.

Umri wa matabaka hayo unajulikanaje? Volkeno za kale zilirusha majivu, nayo yakalala katikati ya tabaka na tabaka kama karatasi katika kitabu. Ndani ya majivu kuna potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni, kwa mwendo unaojulikana. Wakipima agoni iliyokusanyika, wanapata umri. Jivu moja maarufu la Koobi Fora, liitwalo KBS, lina umri wa karibu miaka milioni 1.9. Gamba lililo chini ya jivu hilo ni la zamani zaidi. Lililo juu yake ni la baadaye.

Magamba hayo yameonyesha kwamba bonde lile halikuwa na ziwa moja la kudumu. Mara lilikuwa ziwa, mara bonde la mto, mara ziwa tena. Etheria, yule apendaye maji yenye hewa nyingi, amekutwa katika matabaka ya zamani. Samaki wa Turkana pia, kama vile sangara, ni jamaa za samaki wa Naili. Leo ziwa hilo halina mto wa kutokea, maji yake yana magadi, na kome walio hai humo ni wa aina chache. Lakini kati ya miaka 10,000 na 5,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, maji yake yalisimama karibu mita 80 hadi 100 juu ya kiwango cha sasa, yakafurika upande wa kaskazini-magharibi mpaka kwenye Naili. Kisha mvua zikapungua, ziwa likashuka, na mlango ule ukafungwa.

MABISHANO YA WATAALAMU

Katika mwaka 1981 mtaalamu Peter Williamson alitangaza habari za maelfu ya magamba aliyoyapima kutoka bonde la Turkana. Alisema kwamba aina nyingi zilikaa muda mrefu bila kubadilika. Kisha ziwa lilipopungua, maumbo mapya yalitokea kwa muda mfupi, na maji yaliporudi yakatoweka, zile za zamani zikarudi. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba viumbe hubadilika kwa mruko.

Wengine hawakukubali. Walisema kwamba huenda magamba yaligeuka kwa taabu ya maji mabaya tu, kama vile mahindi ya shamba moja yanavyodumaa mwaka wa jua bila kuwa mbegu mpya. Tena katika mwaka 2008 Bert Van Bocxlaer na wenzake waliyatazama magamba upya, wakaona kwamba yale maumbo mapya yalikuwa ya wageni walioingia kutoka maji mengine, wala si watoto wa wenyeji waliobadilika.

Mkulima, tazama mabishano haya yamesimama juu ya nini. Yote yanategemea jambo moja: kujua gamba lipi lilitoka tabaka lipi. Gamba lililookotwa na kutiwa mfukoni bila kuandikwa mahali pake haliwezi tena kushuhudia upande wowote.

UKIKUTA MAGAMBA SHAMBANI

Basi ukichimba kisima, choo au mfereji ukakuta tabaka la magamba, fanya hivi:

1. Simama kwanza, usiyachimbue yote. Pima kina kutoka juu ya ardhi, ukaandike.

2. Tazama kama magamba mawili yamebaki pamoja. Yakiwa yameshikana, na ncha zake hazikusagika, yaelekea kome aliishi na kufa papo hapo. Yakiwa moja moja, yamevunjika na kulainika pamoja na kokoto, yaelekea yaliletwa na mafuriko.

3. Tazama bawaba: meno magumu, au vijino kama kitana, au laini? Tazama pia udongo wenyewe: mfinyanzi mwororo ni wa maji yaliyotulia, mchanga na kokoto ni vya mkondo.

4. Usihukumu kwa gamba moja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu wa kale au ndege aweza kulibeba gamba moja, lakini habebi tabaka zima.

5. Mpe habari chifu au afisa wa kilimo, ili zifike Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Usiviuze.

Gamba la kome likisagwa huwafaa kuku, kwa sababu huwapa chokaa ya kutengeneza ganda la yai. Lakini tumia magamba mapya ya ukingo wa mto. Usiwasagie kuku ushahidi wa miaka elfu kumi.

Na usidanganyike kwamba penye magamba ya kale pana maji chini. Gamba ni shahidi wa maji yaliyokuwako, si ahadi ya maji yaliyoko. Udongo wa maziwa yaliyokauka mara nyingi huwa na chumvi. Kabla ya kutumia fedha kuchimba, au kupanda hapo, omba maji na udongo vipimwe.

WALINDE WALIO HAI

Kome mkubwa hukua polepole, na aina nyingine huishi miaka mingi. Akitoweka mahali, hawezi kurudi kwa mvua ya kwanza kama majani. Ni lazima njia ya maji ifunguke, samaki wapite, na tope la chini liwe safi. Kwa hiyo usioshe bomba la dawa ya wadudu katika mfereji. Usitie dawa ya kuua konokono kwa kukisia. Kazi hiyo iachie watu wa afya, kwa maana dawa hizo huua samaki pia. Na mnapojenga kizuizi cha kuingiza maji mferejini, msiufunge mto wote: acheni njia ya maji na ya samaki, ambayo pia ndiyo haki ya jirani na mifugo walio chini yenu.

Turkana ilikuwa na mlango wa kutokea hadi Naili, nao ukafungwa kwa mvua kupungua. Mtu hakuwa na la kufanya. Mlango wa mfereji wako hufungwa na kufunguliwa kwa mkono wako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Utamtengaje kome na konokono, na yupi kati yao huhusika na kichocho?

2. Kwa nini gamba la kome mkubwa hueleza habari za mito kuliko gamba la Pisidium?

3. Jirani amekuta magamba yaliyoshikana mawili mawili ndani ya mfinyanzi, kina cha mita mbili. Utamwambia palikuwa na nini hapo? Na utamwambia asifanye nini?